Baba anasema ni jicho la kushoto, picha ya ubongo inasema vingine

Mpendwa Mshauri,

Juu ya kabati langu kuna bahasha kubwa ya kaki ambayo baba hajui kama ipo. Ndani mna filamu za MRI, yaani picha za mashine ya sumaku, ya ubongo wake pamoja na ripoti ya kurasa mbili. Ni mwezi wa tano sasa tangu niifiche.

Baba ana miaka 66. Alfajiri moja aliamka akasema ukungu umeingia jicho la kushoto na kichwa kinamgonga nyuma, upande wa kulia. Mdomo haukupinda, mkono haukulegea, na aliongea vizuri kabisa, kwa hiyo tukampeleka kwa daktari wa macho. Yeye alimpima jicho moja baada ya jingine, akasema macho yenyewe ni mazima, tukimbilie hospitali. Hospitali wakampiga CT, picha ya mionzi ya ndani ya kichwa, adhuhuri ile, tukaambiwa hakuna damu iliyovuja na hawaoni tatizo. Siku ya tatu wakampiga MRI, na hapo ndipo neno kiharusi lilipotajwa. Kaka yangu mpaka leo anasema kama walikosea mara ya kwanza, watakuwa wamekosea na ya pili. Ripoti inasema upande wa kulia, lakini kwenye filamu doa jeupe liko kushoto. Hata mimi nimeinyanyua filamu dirishani mara kadhaa, na kweli liko kushoto.

Ripoti imeandika kwamba sehemu ya ubongo kisogoni, ile inayolishwa na ateri ya nyuma upande wa kulia, imekufa kwa kukosa damu, na kwamba eneo la kuonea limeathirika kwa kiasi kikubwa ila ncha ya nyuma kabisa imesalimika. Nilipomwuliza daktari maana yake, alinijibu kwa mkato: "Kushoto hataona tena, azoee." Sikuwa na moyo wa kumwambia baba. Nikasema majibu bado.

Baba anaamini shida ni jicho la kushoto na lenzi mbovu. Amebadilisha miwani mara mbili. Anagonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango. Chakula kinabaki nusu ya kushoto ya sahani mpaka nimzungushie sahani. Akisoma gazeti anaruka mwanzo wa mistari. Ajabu ni kwamba mjukuu wake akipita mbio upande huo huo, anageuka! Juzi aliniambia, "Mimi naona, ninyi ndio mnaonifanya kipofu." Anadai pia gari lake. Nimemdanganya liko kwa fundi.

Sasa watafiti wa chuo kikuu kimoja wametualika. Wanataka alale ndani ya MRI akitazama michoro inayowakawaka, waone ubongo wake unavyofanya kazi, na baadaye huenda wakampa mazoezi ya kuona ya kufanyia nyumbani. Kaka anataka aende kesho kama ingewezekana, kwa sababu anaamini picha hiyo itasema kama baba ataona tena. Mama anasema mzee aachwe, asije akakata tamaa. Fomu inahitaji sahihi ya baba mwenyewe, na imeandikwa waziwazi kiharusi na upofu. Akienda, atajua nimemficha. Asipoenda, huenda nimemnyima nafasi. Je, nimwonyeshe picha? Nimpeleke?

Mficha Bahasha

*

Dada Mficha Bahasha, pole sana. Miezi mitano ni mingi kubeba siri mbili peke yako, ya bahasha na ya gari.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona ndani yake maswali matatu yamefungwa fundo moja: picha inasema nini hasa, baba anaona nini hasa, na ufanye nini na ukimya wako. Naomba tuyafungue moja moja, kwa sababu nahisi picha mmeipa mamlaka makubwa kuliko iliyo nayo. Kaka yako anaingoja itabiri, nawe unaiogopa kama hukumu.

Nianze na doa lililo upande usio wake. Hakuna kosa. Filamu za ubongo hupangwa kana kwamba unamtazama mgonjwa akiwa amelala chali nawe umesimama miguuni pake, hivyo kulia kwake huwa kushoto kwako. Ukiinyanyua tena dirishani, tafuta pembeni herufi ndogo R, ambayo huashiria upande wa kulia wa mgonjwa. Utaikuta upande lilipo doa. Mwonyeshe na kaka yako, maana shaka yake imesimama juu ya jambo hilo dogo.

Kuhusu CT ya siku ya kwanza, kazi yake kubwa saa zile ni kujibu swali moja la haraka: je, damu imevuja ndani ya ubongo? Kiharusi cha mshipa kuziba kinaweza kisionekane kabisa kwenye CT kwa saa kadhaa za mwanzo. MRI ina picha za aina inayopima jinsi maji yanavyosogea ndani ya tishu. Seli zikikosa damu huvimba, maji hunaswa, na eneo hilo hung'aa jeupe, mara nyingi ndani ya saa ya kwanza au mbili, na huendelea kung'aa hivyo kwa wiki moja hadi mbili. Ndiyo maana siku ya tatu doa lilionekana wazi. Vipimo vile viwili havipingani, viliulizwa maswali tofauti. Akipigwa MRI leo, picha itakuwa imebadilika: weupe ule utakuwa umeondoka na mahali pake huenda pana uwazi uliojaa maji. Mkiona hivyo msishtuke, si kiharusi kipya.

Sasa maneno ya ripoti. Kisogo cha kulia kinaona ulimwengu wa kushoto, kwa macho yote mawili. Hapa ndipo baba yako anapopotea, na wagonjwa wengi hupotea papo hapo. Anahisi jicho la kushoto limeharibika, kumbe kila jicho limepoteza nusu yake ya kushoto. Hakuna miwani ya kawaida inayorekebisha hilo. Ramani hii imejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Daktari wa macho Mjapani, Tatsuji Inouye, aliichora kutokana na askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Urusi na Japani, akaichapisha 1909. Gordon Holmes wa Uingereza aliiboresha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kingo mbili za mfereji ulio kisogoni zimegawana kazi: ukingo wa juu huona chini, ukingo wa chini huona juu. Ncha ya nyuma kabisa huona katikati, pale jicho linapolenga.

Kwa hiyo maneno uliyoyapita haraka, kwamba ncha imesalimika, ni habari njema, dada. Digrii 10 tu za katikati ya uwanja wa kuona, yaani eneo lote unaloliona bila kuhamisha macho, zimechukua takribani nusu au zaidi ya eneo lile la msingi la kuonea. Ni kwa sababu ya ncha hiyo baba bado anatambua sura na anasoma gazeti, hata kama mwanzo wa mstari unampotea.

Ningekuomba pia usiuite ubishi ule ukaidi. Mtu aliyepoteza nusu ya uwanja wa kuona haoni giza upande ule. Haoni kitu chochote, na ubongo huziba pengo kwa kunyoosha kile kilicho jirani. Hata wewe una doa pofu katika kila jicho, digrii 15 hivi kuelekea pembeni, na hujawahi kuliona. Baba anaposema "naona" hasemi uongo, anaeleza anachokipata.

Kuna jaribio dogo mnaloweza kulifanya nyumbani, ambalo pengine litamwonyesha bila wewe kumhubiria. Keti mbele yake, umbali wa mita moja, nyuso zenu zilingane. Afunike jicho la kushoto kwa kiganja na atazame pua yako bila kuhamisha jicho. Mwulize kwanza: je, kuna sehemu ya uso wangu imekosekana? Kisha nyosha mkono pembeni, upande wa kushoto kwake, na usogeze kidole kimoja taratibu kuelekea katikati ukikichezesha, aseme akianza kukiona. Rudia upande wa kulia. Halafu abadilishe, afunike jicho la kulia. Kinachoharibu jaribio ni jicho kuchungulia, kwa hiyo mtazame mboni muda wote, na ikihama anzeni upya. Jicho la kulia, analoliamini, likishindwa upande ule ule wa kushoto, mwenyewe atauliza kwa nini. Hili halichukui nafasi ya kipimo cha uwanja wa kuona kinachofanywa kwa mashine kwa daktari wa macho, ambapo mgonjwa hubonyeza kitufe kila anapoona nukta ya mwanga. Barua yako haikutaja kipimo hicho, nami ninakitamani kuliko picha nyingine yoyote. Picha huonyesha kilichokufa, karatasi ya kipimo hicho huonyesha anachokikosa.

Sahani inayobaki nusu nayo naomba muitaje kwa daktari. Yaweza kuwa ni upofu huo tu, lakini yaweza pia kuwa ni tatizo jingine, la ubongo kusahau kwamba kuna upande wa kushoto. Mwenye upofu tupu, akikumbushwa, hugeuza kichwa akatafuta, na polepole hujifunza. Mwenye kusahau upande hatafuti, maana kwake hakuna cha kutafuta. Mazoezi ya wawili hao hayafanani.

Na mjukuu anayepita mbio? Wala hujakosea kuona, wala baba haigizi. George Riddoch, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika 1917 juu ya askari waliotambua kitu kinachosogea katika eneo lao pofu, kikisimama kinapotea. Lawrence Weiskrantz na wenzake walieleza mwaka 1974 habari za mgonjwa aliyeweza kuelekeza kidole kwenye nuru aliyosema haioni. Zipo njia za pembeni ubongoni zinazopeleka taarifa za mwendo bila kupitia lile eneo lililokufa. Kwa hiyo baba ana haki ya kusema kuna kitu anakipata kushoto. Hatari ni kwamba njia hizo hazimwambii ni nini, kiko umbali gani, wala kama kimesimama njiani.

Naelekea kwenye yale maneno ya mkato ya daktari. Sitasema alikosea, ila nadhani jibu lake lilikuwa fupi kuliko jambo lenyewe. Kuona kunaporudi kwenyewe, mara nyingi hurudi ndani ya miezi 3 ya kwanza, na baada ya miezi 6 uwezekano hupungua sana. Baba yuko mwezi wa tano. Si busara kumwahidi kwamba nusu nzima itarudi. Lakini "azoee" ni neno linaloficha kazi kubwa. Kuzoea hufundishwa: kurusha macho kwa makusudi hadi mbali kushoto, kupita mpaka wa upofu, kabla ya kuvuka mlango au barabara, kuweka rula au mstari mwekundu ukingoni kushoto mwa ukurasa ili jicho lisirudi mpaka liuguse, kubandika utepe wa rangi kali kwenye ule mwimo unaomgonga bega. Zipo pia lenzi za prizimu zinazobandikwa kwenye miwani kuvuta picha za upande pofu ziingie upande unaoona. Hizo zinahitaji mtu wa kuzipima na kumfundisha, vinginevyo humchanganya na huishia kwenye droo.

Sasa utafiti. Mtajieni baba yatakayompata, si jina la mashine. Atalala chali, kichwa ndani ya kizimba cha plastiki chenye kioo kidogo juu ya macho, na kupitia kioo ataona skrini. Atakodolea nukta katikati huku vipande vya duara vyenye vyumba vyeusi na vyeupe vikizunguka, na pete zikitanuka. Kila awamu ni dakika chache na zinarudiwa, jumla saa nzima hivi. Kelele ni kubwa, atapewa vizibo vya masikio. Hakuna mionzi kama ya CT, na kwa kawaida kipimo cha namna hii hakihitaji sindano ya dawa. Miwani yenye chuma haiingii, kwa hiyo waambieni mapema namba za lenzi zake wamwandalie ya plastiki, la sivyo mchoro utakuwa ukungu na kipimo kitaharibika. Waelezeni kila chuma kilichomo mwilini: kifaa cha moyo, klipu ya mshipa, hata kipande cha chuma kilichowahi kumrukia jichoni ujanani. Hilo la mwisho watu hulisahau, na sumaku haisahau.

Mashine hiyo haisomi kuona. Inasoma mabadiliko ya oksijeni kwenye damu pale seli zinapofanya kazi. Baada ya kiharusi, mishipa ya jirani yaweza kuitikia kwa udhaifu au kwa kuchelewa, hivyo eneo likiwa kimya si lazima liwe limekufa. Kinyume chake, macho yakihama digrii chache tu kutoka kwenye nukta, eneo pofu laweza kuonekana linafanya kazi. Akisinzia au kutikisa kichwa milimita kadhaa, awamu nzima hutupwa.

Kaka yako ana sababu ya kutumaini, ila si ile anayoidhani. Watafiti wameonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana sehemu za ubongo wa kuonea zinazoitikia picha ambazo mwenyewe hazioni, na kwamba sehemu hizo zinahusiana na kunufaika na mazoezi. Hayo ni matokeo ya kundi la watu, hayasemi kwa mtu mmoja kwamba wewe utaona na wewe hutaona. Mazoezi yenyewe ni kazi ya kuchosha, nusu saa hivi kila siku kwa miezi, jicho limekazwa kwenye nukta, na faida inapopatikana mara nyingi ni digrii chache kando ya mpaka wa upofu. Kwa wengine hizo chache zina maana. Kwa anayengoja nusu ya dunia, zinaweza kumvunja moyo, na hapo mama yako ana hoja. Waulizeni watafiti: je, baba atapewa matokeo yake? Wakikuta jambo jingine ubongoni, watamwambia nani? Kila aliyepimwa hupata mazoezi, au wengine hupangwa kundi la kulinganishia? Na anaweza kujitoa wakati wowote?

Kaka akiwa na nguvu za kusukuma, kuna mlango mwingine wenye haraka zaidi. Aulize sababu ya bonge la damu lililoziba mshipa. Mapigo ya moyo yalichunguzwa kwa muda wa kutosha kutafuta mdundo usio na mpangilio? Shinikizo la damu likoje, na dawa anazimeza kila siku? MRI ya pili haizuii kiharusi cha pili. Na kuona kukibadilika tena ghafla, hata kama mdomo na mkono viko salama, nendeni hospitali moja kwa moja, msianzie kwenye miwani.

Gari linanitia hofu. Uongo wa fundi unashikilia leo, lakini siku baba atakapoazima ufunguo wa mtu mwingine hautashikilia chochote, kwa sababu hajui kwa nini asiendeshe. Nchi nyingi hudai uwanja wa kuona wa angalau digrii 120 kwa upana, na mwenye kupoteza nusu nzima hafiki hapo. Baadhi huruhusu upimaji maalumu barabarani. Karatasi ya kipimo cha uwanja wa kuona ingekupumzisha wewe kuwa askari wa babako, maana jibu lingetoka kwenye karatasi na kwa daktari.

Nimebaki na bahasha. Naelewa kwa nini uliiweka juu. Uliambiwa maneno makavu, ukaona bora yakuchome wewe. Najiuliza tu kama baba ametulia kwa kutojua, au anahangaika na miwani ya tatu akitafuta kosa mahali lisipokuwepo. Waweza kumwambia wewe, faraghani. Atakasirika pengine, na kwa siku kadhaa hasira hiyo itakuwa juu yako. Waweza kuomba miadi na daktari wa neva, aeleze yeye huku filamu na karatasi ya uwanja wa kuona vikiwa mezani pamoja. Hapo anayeeleza anajibu maswali papo hapo, ila baba anaweza kuhisi amepelekwa barazani. Waweza pia kuanza na lile jaribio la kidole, ukaacha yeye aulize, ukifuata mwendo wake: "Baba, ungependa kujua yote, au tuanze na hili?" Fomu ya watafiti ndiyo isiyokubali njia ya pembeni, kwa kuwa hawezi kuridhia kwa sahihi yake jambo ambalo hajaambiwa. Kama mtangoja miezi mingine, mazoezi ya kurusha macho hayana mwisho wa muda, hilo lisikukimbize.

Vyovyote utakavyochagua, mwangalie usingizi wake, hamu yake ya kula, na kunyamaza kwake wiki zinazofuata. Huzuni baada ya kiharusi ni ya kawaida na ina tiba. Mwulize pia taratibu kama kuna vitu anavyoviona kushoto ambavyo wengine hawavioni, kama rangi, michoro au watu. Ubongo uliokosa taarifa huweza kujitungia picha, wengi huficha wakidhani wanarukwa na akili, na kwa kawaida picha hizo hufifia.

Na siku utakayoishusha bahasha, kaa mkono wake wa kulia, uweke filamu na karatasi upande huo huo. Ukikaa kushoto, atakuwa anasikia sauti yako bila kuuona uso wako.